Kuoanisha amplifaya na spika za bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tabora

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki mezani kwa fundi redio hapa Tabora mjini. Mengi huletwa na watu wa Isevya, Ng'ambo na Kiloleni, na malipo ya tumbaku yakitoka huongezeka wateja wa Urambo na Kaliua wenye amplifaya ndani ya kiroba. Yanamhusu mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kuachana na sabufa na kuweka sebuleni amplifaya yenye spika mbili. Mziki wa harusi na wa baa ni kazi nyingine, na vyombo vyake ni vingine.

## Ya msingi

Sabufa yangu inapiga vizuri tu. Kwa nini nihangaike na amplifaya na spika?

Kama inakuridhisha, usihangaike. Ila isikilize kwa makini siku moja. Sabufa nyingi zina spika moja ya bezi ndani ya boksi lenye amplifaya, na vispika vidogo vya inchi tatu hivi pembeni. Bezi inashughulika chini, vispika vinapiga juu, katikati panabaki pengo. Na katikati ndipo alipo mwimbaji, ndipo yalipo magitaa na saksafoni.

Jaribu na rekodi za bendi za hapa hapa, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz au Tabora Jazz. Utamu wake karibu wote uko kwenye magitaa na sauti za watu, si kwenye mtikisiko. Kwenye sabufa magitaa yanasikika kama yanatoka kwenye simu. Kwenye jozi ya spika zenye wufa (spika ya sauti za chini) ya inchi tano au sita utaanza kulitenga gitaa la solo na lile la rithimu, na hapo ndipo watu wengi hukataa kurudi nyuma.

Nianze na kipi, spika au amplifaya?

Spika. Amplifaya mbili za kawaida zilizo nzima, zikipigwa kwa sauti ya wastani, hutofautiana kidogo mno. Spika mbili za bei sawa zinaweza kutofautiana kiasi kwamba hata mtoto anayecheza sebuleni ataona. Chagua spika kwanza, jua omu zake na unyeti wake (vyote vinaelezwa hapa chini), ndipo utafute amplifaya ya kuzifaa. Sehemu kubwa ya fedha iende huko. Wengi hufanya kinyume kwa sababu amplifaya ina taa na vitufe, na spika ni boksi tu.

Wati ngapi zinatosha sebuleni?

Chache kuliko unavyodhani. Kila spika ina unyeti, yaani namba ya desibeli (dB) inayoeleza itapaza kiasi gani ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Spika ndogo za bei nafuu nyingi ziko kati ya 85 na 88. Chukua ya 87: kwa wati 1 inatoa desibeli 87, wati 2 inatoa 90, wati 4 inatoa 93, wati 8 inatoa 96, wati 16 inatoa 99. Kila unapotaka desibeli 3 zaidi, wati lazima ziwe maradufu. Ukitaka sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, na hizo zinataka wati mara kumi.

Sauti hupungua kadiri unavyokaa mbali, na ngoma hupiga vilele vya ghafla vinavyozidi wastani kwa mbali. Hata hivyo, mtu anayekaa mita tatu kutoka kwenye spika zake mara nyingi hutumia chini ya wati 2 kwa usikilizaji wa kawaida. Amplifaya yenye wati 25 hadi 50 za kweli kila upande inatosha sebule nyingi za Tabora na kubaki na akiba ya vilele.

Kuna jambo wanunuzi hulipita hapo. Kutoka amplifaya ya wati 40 kwenda ya wati 80 unapata desibeli 3 tu. Ukibadilisha spika ya 84 kwa spika ya 90, umepata desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne, bila kugusa amplifaya.

Mbona sabufa imeandikwa wati 3000 na amplifaya wati 40, halafu amplifaya ndiyo ghali?

Hiyo 3000 ni PMPO, namba ya matangazo. Haina kipimo kinachokubalika, kila kiwanda kinajipangia. Unayotafuta ni RMS, wati ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo, pamoja na omu zilizotumika kupimia.

Njia rahisi ya kumkamata mwongo ni kugeuza chombo nyuma na kusoma kibandiko cha umeme. Kikiwa kinakula wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kuwapa spika wati 3000, wala 100, kwa muda unaosikika.

Omu ni nini, na nizichunge vipi?

Omu ni ukinzani ambao spika inauonyesha kwa amplifaya. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo amplifaya inavyovutwa mkondo mkubwa zaidi na kupata joto zaidi. Spika za nyumbani huwa 4, 6 au 8. Soma nyuma ya amplifaya: ikiandikwa omu 4 hadi 16, uko huru. Ikiandikwa omu 8 na hakuna kingine, usiiwekee spika za omu 4, hata kama muuzaji anasema "zinapiga tu". Zitapiga, hadi jioni moja ya joto la Oktoba ambapo transista, vipande vinavyosukuma spika, zitaungua.

Kibandiko kikiwa kimefutika, pima kwa multimita. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7, ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Hilo ni kawaida, spika haijapungua nguvu.

## Kuoanisha

Amplifaya ya wati 100 itaunguza spika zangu za wati 50?

Si lazima. Amplifaya haisukumi wati zake zote kwa sababu tu inazo, inatoa kile ulichokiomba kwenye volyumu. Wati 100 zikipigwa kwa adabu ni salama kwa spika ya 50.

Spika nyingi za nyumbani zinazofika kwa fundi zimeunguzwa na kinyume chake: amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Amplifaya ya wati 15 ikifunguliwa hadi mwisho, volti zake za ndani zinaisha, na vilele vya mawimbi vinakatwa juu na chini. Wimbi la mviringo linageuka kuwa la pembe. Wimbi la namna hiyo linaweza kubeba karibu nguvu maradufu ya ile iliyoandikwa, na pia linazaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Hizo za juu zinakwenda moja kwa moja kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), na koili ya twita ni waya mwembamba unaostahimili wati chache tu. Ndiyo maana twita hufa kwanza, na mwenyewe huapa kwamba "amplifaya ilikuwa ndogo, haiwezi kuunguza".

Wufa hufa kwa njia nyingine, kwa wati nyingi mno za muda mrefu. Utanusa harufu ya vanishi iliyoungua kabla ya kusikia tatizo.

Chukua amplifaya ambayo RMS yake inalingana na ya spika au inazidi kidogo, hadi maradufu. Halafu mlinde shemeji asiguse kitasa akishakunywa.

Nitajuaje kama nimevuka mpaka?

Sauti inaanza kukwaruza kwenye vilele, mwimbaji anakuwa mkali masikioni, na ukiongeza volyumu haipazi tena, inachafuka tu. Rudisha nyuma mara moja. Usitegemee kwamba volyumu nusu ni nguvu nusu. Simu au redio inayotoa mawimbi makubwa inaweza kufikisha amplifaya kikomo kitasa kikiwa katikati tu.

Nikiongeza kitasa cha bezi hadi mwisho kuna ubaya?

Upo, na ni wa hesabu. Vitasa vingi vya bezi vinaongeza kama desibeli 10, na tumeona kwenye swali la wati kwamba desibeli 10 ni wati mara kumi. Amplifaya ya wati 40 iliyokuwa inatumia 4 kwenye bezi sasa inaombwa 40. Spika ya inchi tano haiwezi kutoa bezi ya ukumbini. Isogeze karibu na ukuta kwanza, utapata bezi ya bure.

Naweza kufunga spika nne?

Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) upande mmoja zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2, na hapo amplifaya nyingi za nyumbani zinaungua au zinajizima. Zikiungwa mfuatano (moja baada ya nyingine), mbili za 8 zinakuwa 16, salama kabisa ila sauti inapungua.

Amplifaya zenye matundu ya A na B huwa zinaeleza wazi nyuma: A au B peke yake omu 4 hadi 16, A+B pamoja omu 8 hadi 16. Heshimu mstari huo wa pili. Kwa maoni ya fundi, spika nne nafuu kwenye chumba kimoja ni kelele nne, na fedha hizo hizo zingenunua mbili nzuri.

Nina spika za ile redio kubwa ya CD tatu iliyokufa. Zitafaa?

Mara nyingi ni za omu 6 na boksi lake ni jepesi. Zitapiga na amplifaya inayokubali omu 6 au chini yake, na kwa kuanzia zinatosha. Plagi yake ya kipekee ikatwe, uunge waya za kawaida. Usizinunulie amplifaya kubwa, namba iliyoandikwa mgongoni mwake kwa kawaida imetiwa chumvi.

Waya gani nitumie?

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ule wa kufungia taa nyumbani. Kwa mita 10 kwenda na 10 kurudi una ukinzani wa kama omu 0.23, ambao spika ya omu 8 haitauhisi. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.3 kwa umbali huo unazidi omu 1, na sehemu ya nguvu yako inapashia waya joto. Kwangua ncha kabla ya kulipa: ndani ikiwa nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya za bei ya ajabu zenye dhahabu hazina kazi kwenye spika hizi.

Bezi imepotea baada ya kufunga. Nini kimetokea?

Karibu kila mara spika moja imeungwa chanya na hasi kinyume. Koni moja inatoka mbele nyingine inaingia ndani, bezi zinafutana. Geuza waya za spika moja tu usikilize. Kama alama zimefutika, gusisha kidogo betri ya volti 1.5 kwenye waya za spika: koni ikitoka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika.

## Vya mtumba

Kuna amplifaya ya Kijapani kwenye mzigo wa Dar, bei nzuri sana. Ninunue?

Geuza nyuma kwanza. Vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani vimeandikwa AC 100V, na plagi yake ni ya bapa mbili. Umeme wetu ni volti 230. Muuzaji akikubadilishia plagi tu, umenunua moshi. Utahitaji transfoma ya kushusha hadi volti 100, yenye uwezo unaozidi ulaji ulioandikwa kwenye kibandiko, na bei yake iingie kwenye hesabu kabla hujafurahi. Vya Marekani ni volti 120, hadithi ni ile ile.

Matoleo yaliyotengenezwa kuuzwa nchi nyingi huwa na swichi ya volti mgongoni. Ihakikishe iko 220 hadi 240 kabla ya kuchomeka, kwa sababu hujui ilikaa wapi kabla ya kufika kwako.

Nikague nini kwenye amplifaya kabla ya kuifunga spika zangu?

Washa bila spika. Nyingi hukaa sekunde chache kisha unasikia "tak" ya rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika. Isiposikika na taa ya ulinzi ikawaka, iache. Ikisikika, weka multimita kwenye volti za DC upime matundu ya spika, kila upande. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ukiona volti nzima au zaidi, transista ya upande huo ni mbovu, na wufa utakayoifunga hapo itaungua ukiwa unaiangalia.

Zungusha kila kitasa. Mkwaruzo ni uchafu, unasafishika. Upande mmoja kukatika kabisa ni mazungumzo ya bei. Mwambie fundi afungue kifuniko pia. Hapa Tabora mjusi aliyekaukia juu ya bodi ni jambo la kawaida kuliko unavyofikiria.

Na spika za mtumba?

Bonyeza taratibu ukingo wa koni. Ukiwa wa sponji na unamong'onyoka vidoleni, umeoza kwa umri, hata kama koni ni safi. Unaweza kubadilishwa, lakini punguza bei. Ukingo wa mpira au kitambaa hudumu zaidi. Kisha sukuma koni kwa vidole viwili pande zote sawasawa: ikikwaruza ndani, koili imeungua au imepinda. Twita isikilize kwa karibu, kwa sababu wufa ikipiga vizuri watu husahau kuuliza kama twita inapiga kabisa.

## Umeme, sola na nyumba

Umeme ukikatika nifanye nini?

Chomoa. Hatari iko umeme unaporudi, volti zinaporuka kabla ya kutulia. Friji gadi inasaidia kwa sababu inachelewesha kuwasha. Stebilaiza inafaa kama volti za mtaa wako hupanda na kushuka, mradi isiwe ndogo kuliko ulaji wa amplifaya.

Kijijini natumia sola ya volti 12. Redio ya gari inafaa?

Inafaa sana, na kwa Sikonge au Uyui ni suluhisho la busara kuliko inveta. Ila hiyo "50W x 4" isome vizuri. Kwenye gari linalounguruma, betri inapata volti 14.4. Zizidishe zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa omu 4, unapata karibu 52. Hiyo ndiyo 50 yao, nayo ni ya wimbi la pembe, lililokatwa kabisa. Sauti safi haifiki hata nusu ya hapo, na kwenye betri ya volti 12 hushuka zaidi. Tumia spika za omu 4 zenye unyeti mkubwa, utaridhika.

Onyo moja: waya hasi za spika za redio ya gari si ardhi. Usiziunganishe pamoja, wala usizigusishe kwenye bodi la chuma. Saketi inaungua.

Vile viamplifaya vidogo vya Kichina vya bluutuuthi vinafaa?

Fundi anavipenda, kwa masharti. Vingi vina chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, chipu nzuri isiyopata joto sana. Lakini "50+50" yake inapatikana kwa spika za omu 4 na volti 21 au zaidi, tena sauti ikiwa tayari imechafuka. Ukiipa adapta ya volti 12 na spika za omu 8, unabaki na wati 8 hivi kila upande. Ukiipa volti 24 yenye ampea za kutosha, spika hizo hizo zinapata karibu 30. Usipite volti 26. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kidubwasha chake hakina nguvu aulizwe kwanza adapta aliitoa wapi.

Nyumba yangu haina dari, bati tupu, na sauti inagonga. Nibadili amplifaya?

Hapana. Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati vinarudisha sauti, na hakuna amplifaya ya kutibu hilo. Tandika mkeka mnene au zulia kati yako na spika, weka pazia zito, sogeza makochi. Spika zisikae kwenye kona wala ndani ya kabati. Ziinue twita zifike usawa wa masikio, umbali kati yake ulingane na umbali hadi unapokaa. Mvua ikianza kupiga bati, zima tu.

Vumbi?

Kitambaa juu ya amplifaya wakati imezimwa, kitolewe kabla ya kuwasha. Amplifaya iachiwe nafasi ya kupumua juu. Maboksi ya spika yasigusane na ukuta wa udongo wala sakafu ya vumbi: mchwa wa huku hawachagui mbao.

## Kesi za pembeni

Nimepewa amplifaya iliyokuwa ya msikitini. Naweza kuitumia nyumbani?

Nyuma utakuta matundu ya omu 4, 8 na 16, na mengine ya volti 70 na 100. Haya ya volti ni ya kusambazia honi nyingi kwa waya mrefu, na kila honi ina transfoma yake. Spika ya nyumbani usiiguse huko, tumia tundu la omu zake. Nyingi ni za mono na zimetengenezwa kwa sauti ya mtu anayesema, kwa hiyo usitegemee muziki mtamu. Iuze, ununue nyingine.

TV yangu haina matundu ya nyekundu na nyeupe.

Nyingi za sasa zina tundu la mwanga (optical) tu, au la earphone. La earphone linatosha kujaribia. La mwanga linahitaji kigeuzi kidogo cha dijitali, na hapo ndipo zitokapo waya nyekundu na nyeupe kwenda kwenye amplifaya.

Nikiunganisha TV au kompyuta, kunakuwa na mlio wa "uuuu" wa chini. Spika zimeharibika?

Hapana. Ni mngurumo wa umeme, hertzi 50 na jamaa zake, kutokana na vyombo viwili kuungana ardhi kwa njia mbili. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi: mlio ukikoma, njia ya pili inapita kwenye dishi. Kwa kompyuta ya mpakato, chomoa chaja usikilize. Usikate pini ya ardhi ya plagi, hata kama fundi mwingine amekuambia hivyo.

Seremala amesema atanitengenezea maboksi ya mninga. Niache yale ya viwandani?

Mninga ni mbao nzuri na huku ipo, lakini uzuri wake uko kwenye macho. Mbao nzima hutanuka na kupasuka majira yakibadilika, na boksi likivuja hewa bezi inaondoka. Kinachoamua ni ujazo wa ndani na urefu wa bomba la hewa, vilivyopangwa kwa ajili ya wufa ile ile. Ukihamisha, mpe seremala vipimo vya ndani vya boksi la zamani, si vya nje. Ubao mnene haupunguzi nafasi ukipimwa hivyo. Atumie plaiwudi ya milimita 18, abandike mninga juu yake kwa urembo, na asitupe krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) iliyo ndani ya boksi la zamani akidhani ni takataka.